Dada wa Sinza na Programu Anayoilipia Kila Mwezi Bila Kuimiliki

Mjini hapa kila kitu ni mwezi. King'amuzi mwezi, bando mwezi, taka mwezi, ulinzi shirikishi mwezi, vikoba mwezi. Chumba chenyewe unalipa miezi sita mbele halafu mwenye nyumba bado anakuja kuulizia hela ya maji. Watu wameshazoea. Wanalalamika kidogo, kisha wanatuma.

Ila kuna malipo mengine ya mwezi ambayo hayasemwi sana vijiweni, maana yanakula watu kimya kimya. Ni hela ya programu za kompyuta. Wanaoediti video, wanaodizaini kadi, wanaochora ramani za nyumba, wanaoandaa mahesabu ya maduka, wote wanaijua. Ukilipa unafanya kazi. Usipolipa, mlango unafungwa na kazi yako imebaki ndani.

Kuna dada mmoja wa Sinza ambaye hili limempata mpaka kwenye mfupa. Jina lake halina haja hapa. Waliooa na kuolewa Dar miaka ya karibuni huenda wamepita mbele ya kamera yake. Ni mpiga picha na mhariri wa video za harusi, sendofu na kicheni pati. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, akaenda kukaa stationery ya shangazi yake kule Mwenge. Kazi yake ilikuwa kutoa kopi na kuandikia watu barua za kuomba kazi. Siku moja mteja akataka kadi ya mchango wa harusi, aliyekuwa anazitengeneza hayupo, dada akasema ngoja nijaribu. Safari ikaanzia hapo.

Laptopu yake ya kwanza ilikuwa ya mtumba, imetoka Kariakoo. Ilikuja na kila kitu. Fundi alichukua shilingi 15,000 tu, akachomeka flashi, akamwekea programu zote za picha na video ambazo duniani huko zinauzwa kwa mamilioni. Hakuna aliyeuliza leseni. Hata yeye hakujua kama kuna kitu kinaitwa leseni ukiacha ya udereva na ya biashara. Kwa akili yake, programu ilikuwa sehemu ya laptopu, kama kibodi.

Fundi alimpa onyo moja tu: "Dada, antivirusi usiiwashe, itaharibu kazi."

Wewe unayesoma hapa unaweza kuwa umeshaambiwa hivyo hivyo. Programu iliyochakachuliwa imekatwa ile sehemu inayokagua kama umelipa, na aliyeikata humjui, hujui na yeye amepachika nini. Antivirusi ikipiga kelele, mara nyingine inapiga kelele kwa sababu ya msingi kabisa.

Kwake ilichukua karibu miaka miwili. Asubuhi moja akafungua laptopu akakuta mafaili yote yamebadilika majina, kila moja limeongezewa herufi za ajabu mwishoni, hakuna linalofunguka. Katikati ya kioo kuna tangazo la kumtaka alipe kwa dola ili arudishiwe. Ndani mle kulikuwa na kicheni pati nzima ya mteja ambayo bado hajaikabidhi, na memori kadi alikuwa ameshazifuta ili apige nyingine. Alirudisha shilingi 400,000 za watu. Alikaa wiki mbili hapokei namba ngeni.

Baada ya hapo akaapa. Chakachua basi. Atanunua kihalali kama watu wa maana, alale usingizi.

Tukio hilo linabadilisha namna ya kuitazama hadithi yote. Dada huyu hakuwa mtu wa kutafuta mteremko. Alikuwa ameamua kunyooka, na tena hata sheria ya nchi iko upande huo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta sawa na inavyozilinda nyimbo na vitabu. Alitaka kulipa. Kilichomshangaza ni kwamba hakukuwa na cha kununua.

Aliingia kwenye tovuti ya kampuni inayotengeneza programu aliyoizoea, kampuni ya nje, akatafuta bei ya kununua mara moja, ikaisha. Haipo. Kulikuwa na bei ya mwezi tu, dola 30. Ilikuwa katikati ya 2023, dola iko kwenye shilingi 2,400 hivi, akapiga hesabu akapata kama 72,000. Nusu ya kodi ya chumba chake. Akasema sawa, harusi moja inalipa. Akabonyeza.

Sasa pale alipobonyeza palikuwa na chaguo mbili zilizokaa jirani. Moja ilikuwa mwezi kwa mwezi, bei juu. Nyingine, iliyokuwa imeshawekewa alama tayari, ilikuwa ya mwaka mzima ila unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Yeye aliona neno "mwezi" na ile bei ya chini. Neno "mwaka" lilikuwa limeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha, na haki lazima isemwe. Programu haigandi. Apdeti zinaingia zenyewe. Kuna shirika moja lilitaka video ya mradi wao, likamuuliza kama anatumia vifaa halali, akatoa risiti kifua mbele, kazi akapata. Akaanza hata kuwasema wenzake wa kijiweni: "Nyie endeleeni na vya wizi, siku yenu inakuja."

Ili kuelewa kwa nini hakukuta cha kununua, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Zamani programu ilikuwa inauzwa kama sufuria. Unatoa hela, unabeba, unapikia mpaka itoboke. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na kwa zaidi ya miaka ishirini watu walikuwa wanainunua kwenye boksi. Ile CS6 ya mwaka 2012 iliuzwa dola 699. Hela nyingi, hakuna ubishi, na ndiyo maana Kariakoo ilishinda. Lakini aliyelipa alikuwa amelipa, hata akikaa nayo miaka kumi.

Mei 2013 Adobe, wenye Photoshop, wakatangaza kwamba boksi basi. Toleo jipya lolote litapatikana kwa kulipia kila mwezi au kila mwaka. Wateja walipiga kelele dunia nzima, kampuni haikurudi nyuma. Microsoft walikuwa wameshaanza Office 365 mwaka 2011. Autodesk, wenye AutoCAD ambayo wachora ramani wote wanaijua, wakaacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Mmoja baada ya mwingine, wauza sufuria wakageuka wakodisha sufuria.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hata lile boksi, kisheria, hukuwa umeinunua programu yenyewe. Ulinunua ruhusa ya kuitumia. Imo kwenye yale maandishi marefu ambayo kila mtu anashuka nayo haraka mpaka chini na kubonyeza "Nakubali". Tofauti ni kwamba zamani mwenye ruhusa hakuwa na namna ya kuja nyumbani kwako kuichukua. Sasa intaneti imempa mkono mrefu. Programu inapiga hodi kwa seva ya kampuni kila baada ya muda kuuliza, "Huyu amelipa?" Jibu likiwa hapana, inajifunga.

Mkono huo umeshaonekana mara kadhaa. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye visomeo vya Kindle vya wateja na kufuta vitabu ambavyo watu walikuwa wamevilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa 1984 cha George Orwell, kitabu kinachohusu serikali inayofuta maandishi. Oktoba 2019 Adobe waliwatangazia watumiaji wote wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Baadaye mwezi huo huo wakapata kibali na kuwarudishia. Mtu yuko Caracas anadizaini bango la duka la mikate, riziki yake inategemea karatasi iliyosainiwa Washington. Mwaka 2022 hata BMW walijaribu kuuza joto la viti kwa malipo ya mwezi kwenye baadhi ya nchi. Kiti unacho, waya ziko ndani, ila usipolipa haziwaki. Mwaka uliofuata wakaachana na mpango huo.

Turudi Sinza.

Wanaofanya kazi za harusi wanaujua ukame wa Kwaresima na Ramadhani. Mwaka 2024 vyote viwili viliingiliana. Kuanzia katikati ya Februari mpaka Aprili, kumbi zimepoa, MC wanauza nguo, wapambaji wako nyumbani. Dada alipiga picha za paspoti na bathidei mbili za watoto. Na huku dola ilikuwa imevuka 2,500, tena ikawa bidhaa adimu. Benki zikaanza kubana manunuzi ya mtandaoni. Mwezi wa tatu kadi yake ikakataa. Programu ikamletea ujumbe wa kistaarabu, ikampa siku chache. Akasema nitalipa nikipata. Akasahau, maana hakuwa na kazi ya kuifungua.

Baada ya Idi harusi zikarudi kwa fujo. Alipata moja nzuri, ya familia moja ya Tabata. Baba wa bi harusi alikuwa amelazwa, hakuweza kufika ukumbini. Mtoto alitaka kuahirisha, mzee akakataa, akasema harusi iendelee, ataiona kwenye video. Jumatatu yake alikuwa anaingia chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mama wa bi harusi alimvuta dada pembeni usiku ule ule wa Jumamosi.

"Mwanangu, najua kazi yako inachukua wiki mbili. Mimi nakuomba dakika kumi tu, Jumapili jioni. Baba yake aione kabla hajaingia."

"Sawa mama, usijali. Kesho saa kumi nitakuwa nayo."

Aliedititi usiku kucha kwenye laptopu ya rafiki yake, ambaye naye alikuwa akikodi programu hiyo hiyo. Asubuhi rafiki akaondoka na laptopu yake kwenda kazini kwake, dada akahamishia kila kitu kwake. Kilichobaki ni kurekebisha sauti na kutoa video. Saa saba mchana akafungua programu. Ikamwambia akaunti ina deni. Ikamwonyesha kazi yake yote imepangwa vizuri, klipu kwa klipu, lakini kitufe cha kutoa video kimekufa.

Alijaribu kadi, ikakataa. Akajaribu kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ikakataa. Akaweka hela zaidi, ikakataa. Aliandika kwa huduma kwa wateja, akajibiwa na roboti. Akampigia mtoto wa mjomba wake ambaye ni mtengeneza programu na ana kadi inayofanya kazi. Hapokei, yuko kanisani. Saa tisa na nusu bado yuko pale pale, jasho linamtoka, na mama wa Tabata ameshatuma ujumbe wa pili.

Ndipo akakumbuka kitu ambacho ilibidi akikumbuke saa mbili kabla. Programu ilikuwa imefungia mpangilio wake, ila klipu mbichi zilikuwa zake. Zile zilizotoka kwenye kamera ni mafaili ya kawaida, hata simu inafungua. Akachagua sita, akazirusha kwenye simu, akapanda bodaboda.

Mzee alitazama klipu mbichi. Hazina muziki, hazina maandishi ya dhahabu, hazijapunguzwa. Kuna mahali kamera inatikisika, kuna mahali shangazi mmoja anasikika akigombana na mtu wa vinywaji. Alimwona mwanae akiingia ukumbini mwanzo mpaka mwisho, dakika saba bila kukatwa. Akamwambia dada, "Hii ndiyo nzuri. Hakuna mtu uliyemtoa." Jumatatu akaingia kwa madaktari, akatoka salama.

Familia ilimshukuru. Yeye alirudi Sinza akiwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo hata kwa wale wa kirusi. Kirusi alikuwa mwizi, na mwizi anajulikana. Huyu wa pili alikuwa amempa risiti.

Jumatatu usiku aliamua kujitoa kabisa. Hapo ndipo zile herufi za sisimizi zikakua. Kwa kuwa alichagua mpango wa mwaka, kuvunja mkataba kabla haujaisha kulikuwa na ada, na ada yenyewe ilipigiwa hesabu ya miezi iliyobaki. Alikuwa anatakiwa kulipa deni, halafu alipe tena ili aruhusiwe kuondoka.

Hili si la kwake peke yake wala la kampuni moja. Juni 2024 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara ya FTC, ilifungua kesi dhidi ya Adobe. Ilidai kwamba kampuni hiyo ilificha ada ya kuvunja mkataba kwenye mpango wa namna hiyo hiyo, wa mwaka unaolipwa kwa mwezi, na ikaweka vizingiti kwa wanaotaka kutoka. Adobe walikanusha, wakasema masharti yao yako wazi na kujitoa ni rahisi. Ila angalau imejulikana kwamba hata wenye lugha yao, wanaosoma Kiingereza tangu tumboni, hawakuziona zile herufi.

Sasa yule mtoto wa mjomba alipopiga simu kurudisha, alikuta dada amewaka. Wakazungumza muda mrefu. Na hapa hadithi inakuwa ngumu kidogo, maana yule kaka hakukubaliana naye.

"Unajua kwa nini nawaelewa wale?" alimwambia. "Mimi nilitengeneza programu ya duka la dawa, nikauza mara moja, laki tano. Ni miaka minne sasa. Windows ikibadilika, wananipigia. Printa ikikataa, wananipigia. Saa sita usiku wananipigia. Ile laki tano niliila mwezi ule ule. Wao bado wanaitumia, mimi bado naitengeneza bure."

"Kwa hiyo na wewe uwafungie dawa zao?"

Kaka alinyamaza kidogo. "Hapana. Ila nilipwe kwa kazi ninayoendelea kuifanya."

Wote wawili walikuwa na hoja, na ubishi mwingi mtandaoni unaharibika kwa sababu watu wanachagua upande mmoja tu. Programu si sufuria kweli. Inahitaji kutunzwa, na anayeitunza anakula. Malipo ya mwezi pia yanamfungulia mlango asiye na dola 699 za mkupuo. Ukiwa na kazi ya mwezi mmoja, unalipa mwezi mmoja unaondoka. Tatizo la dada halikuwa kulipa. Tatizo ni pale kuacha kulipia mambo mapya kunapogeuka kunyang'anywa hata ulichokwisha kutengeneza. Ukiacha kulipa bando, picha ulizopakua zinabaki. Ukihama chumba, kitanda unaondoka nacho. Kwa nini kazi ya mikono yako ibaki kwa mwenye nyumba?

Hata kaka, baada ya siku kadhaa, alikubali kipande hicho. Siku hizi wateja wake wa dawa wananunua programu mara moja na inabaki kufanya kazi, halafu anayetaka huduma na maboresho analipia kwa mwaka. Asiyelipa haoni mapya, lakini duka lake halizimwi.

Dada naye alilipa deni, akavumilia mpaka mwaka wake ukaisha, akatoka bila ada. Miezi hiyo ya kusubiri aliitumia kutafuta njia nyingine, na zipo nyingi kuliko alivyodhani. Kwa video alikuta DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure linalofanya karibu kila anachohitaji, na toleo la kulipia linauzwa mara moja tu. Kwa picha kuna GIMP, kwa kudizaini kuna Inkscape, kwa barua na mahesabu kuna LibreOffice. Hizi tatu za mwisho ni programu huria. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia jirani, na hakuna anayeweza kukupokonya ruhusa hiyo mwezi wa tatu kadi ikikataa.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Ilitafsirika kwa sababu leseni iliruhusu. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti.

Hadithi iliyomgusa zaidi dada ni ya Blender, programu ya kutengeneza katuni za kompyuta. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa nayo ilifunga milango. Mwanzilishi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, akaambiwa wawekezaji wataiachia kwa euro 100,000. Akafanya kitu ambacho kila Mtanzania anakijua: akaitisha mchango. Watu wa mtandaoni wakachanga, ndani ya wiki saba hela imetimia, programu ikawekwa huru kwa wote. Machi 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar ya filamu bora ya katuni. Kamati ya harusi ingejivunia mchango kama huo.

Lakini asidanganywe mtu kwamba kuhama ni mteremko. Wiki mbili za kwanza dada alikuwa kama mtu aliyehamia jiko la mwenzake, hajui chumvi iko wapi. Laptopu yake ilikuwa inahema kwenye Resolve, ikabidi aongeze RAM, hela ikatoka. Mashirika mengine yanataka faili kwa mfumo wa programu kubwa na hayasikilizi. Wachapaji wa Kariakoo nao walimzingua mwanzo, mpaka alipojua kuwapelekea PDF. Na kile kinachotolewa bure na kampuni kinaweza kubadilika siku wenyewe wakiamka vibaya. Bure ya kampuni na uhuru wa leseni ni vitu viwili.

Siku hizi ana utaratibu wake. Kila kazi ikiisha anaitoa kwa mifumo ya kawaida inayofunguka popote: video nzima, picha, sauti mbali. Klipu mbichi hazifuti mpaka mteja apokee na kuthibitisha, na nakala zinakaa kwenye diski mbili. Mteja akilazimisha programu ya kukodi, anaikodi mwezi kwa mwezi, na gharama inaingia kwenye makadirio kama mafuta ya bodaboda. Na kabla ya kubonyeza "Nakubali", anatafuta sehemu moja tu kwenye yale maandishi: nikiacha kulipa, kazi yangu inakuwaje?

Kuna rafiki yake mmoja wa mjini, mjanja wa mambo, alimletea mchongo mwaka jana. Akamwambia aache kuwapa maharusi flashi. Aweke video zao mtandaoni, kila ndoa ilipe 5,000 kwa mwezi kuziangalia. Ana wateja zaidi ya mia mbili. Piga hesabu mwenyewe. Ni zaidi ya milioni moja kila mwezi, hata Kwaresima, hata Ramadhani, amelala.

Dada alikaa na hilo wazo siku tatu. Si mtakatifu, kodi anadaiwa, mdogo wake yuko chuo. Alikwenda mpaka kuulizia bei ya kuhifadhi mtandaoni. Halafu akamfikiria mke fulani, miaka kumi mbele, mambo yamebana, hajalipa miezi miwili, anataka kumwonyesha mtoto wake sura ya babu ambaye hayupo tena.

Akamwambia rafiki yake hapana. Anayetaka kuhifadhiwa nakala ya ziada anahifadhiwa, analipia, na akiacha kulipa anapewa taarifa aje aichukue. Lakini flashi kila mteja anapewa, na ikishatoka mkononi mwake ni ya kwao.

Haya, wadau. Rafiki yake bado anamwita mjinga wa biashara. Wewe ungeichukua ile milioni? Na programu unayotumia kazini leo, ukikosa kulipa mwezi mmoja, una uhakika utaondoka na kitanda chako? Dondosha maoni hapo chini.